Msimtazame Anayetumbua, Mtazameni Mkaguzi

Wanangu, kila mwaka ikifika Aprili nchi hii hushikwa na hasira ya wiki mbili. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinawasilishwa bungeni, magazeti yanajaza mabilioni kurasa za mbele, nanyi mnarushiana vipande vyake kwenye simu mpaka usiku wa manane. Mei ikiingia, hasira imekwisha. Baadhi yenu mmeshakata shauri kwamba nchi ni ya wapigaji, na mwenye akili naye apige. Wengine mnamwomba Mungu alete mtu mkali awanyooshe. Nimewasikia mkibishana kijiweni, hata msibani, nikanyamaza, maana mzee anayedakia kila mazungumzo ya vijana huachiwa benchi peke yake.

Leo nisikilizeni kidogo. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, kazi ambayo ukibisha hodi kwa mkubwa anajua huna habari njema. Nimepitia kampeni za kupambana na rushwa chini ya marais wetu wote. Kila kampeni ilikuja na jina lake, nyimbo zake na fulana zake. Zipo zilizofanya kazi ya maana, na zipo zilizoishia kwenye fulana. Kwa kuzitazama zote nimebaki na kipimo kimoja: serikali ikisema inasafisha nyumba, usihesabu waliofukuzwa. Tazama anafanywa nini yule mwenye kazi ya kuhesabu, siku hesabu yake inapomgusa aliyeshika fagio.

Nianzie 1983. Mmesoma shuleni kwamba Waziri Mkuu Sokoine aliwakomesha wahujumu uchumi, na kweli tulimwona akiwakomesha. Maduka yalikuwa matupu. Sabuni ya kufulia ulikuwa unaipata kwa kujuana na mtu wa RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na sukari ilipita mlango wa nyuma. Msako ulipoanza, watu walitupa mali usiku, matajiri waliokuwa hawasalimiani na mtu wakaanza kusalimia. Sokoine mwenyewe sijawahi kusikia akituhumiwa wizi hata wa shilingi moja, na alipofariki kwenye ajali pale Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 walilia hata waliokuwa hawajawahi kumwona.

Lakini sheria iliyotumika ilimpeleka mtuhumiwa kwenye mahakama maalumu bila dhamana na bila wakili. Nani alichunguza kama mpelelezi amemkamata mlanguzi au amemkamata jirani aliyegombana naye? Hakuna. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, kesi zikarudishwa chini ya Mahakama Kuu. Na ulanguzi wenyewe, kwa niliyoyaona, uliuawa na kitu kingine kabisa: bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Nguo na sabuni zikarudi madukani, na yule mtu wa RTC akakosa cha kuuza mlango wa nyuma. Wazee wenzangu wengi hawapendi nikisema hivi. Wanapenda simulizi la mtu mkali, kwa kuwa lina shujaa, na bajeti haina shujaa.

Mwaka 1996 tulipata Tume ya Warioba. Rais Mkapa, aliyekuwa ametangaza mali zake hadharani, alimpa Jaji Warioba kazi ya kuichunguza rushwa nchini, na Tume ikaandika idara kwa idara: polisi, mahakama, ardhi, afya, elimu. Ilitenganisha mdogo anayepokea kwa kuwa mshahara haufiki mwisho wa mwezi na mkubwa anayepokea kwa tamaa tu. Kazi nzuri sana ile, na anayetaka kuijua nchi hii aitafute aisome. Basi, miaka michache baadaye, mwaka 2000, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya uchaguzi yaliyohalalisha takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ati ni mila zetu za ukarimu. Mkono mmoja ulikuwa unaandika mkakati wa kupambana na rushwa, mkono wa pili unagawa pilau na khanga kwa baraka za sheria. Ilibidi asasi tatu za kiraia ziende Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikaifuta takrima kwa kuwa inakiuka Katiba. Angalieni nani aliyeifuta. Hakuwa chama wala kampeni.

Sasa niwapeleke 2008, maana hapo pana mengi.

Mwaka wa nyuma yake, Septemba 2007, Dk. Wilbrod Slaa wa Chadema alisimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana wa Benki Kuu, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile mnayoisikia kwa jina la EPA. Mwezi uliofuata Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ikasoma taarifa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa megawati 100 za umeme wa dharura wakati wa ukame wa 2006 na ikashindwa kuuleta kwa wakati. Siku ile ofisini kwetu hakuna aliyefanya kazi. Tulibanana kwenye chumba cha mhasibu kulikokuwa na televisheni, madereva na wahudumu wamesimama mlangoni, na mweka hazina, mtu mzima na tai yake, amekaa juu ya kasha la karatasi. Tarehe 7 Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, akisema hakutendewa haki kwa kuwa Kamati haikumhoji. Mawaziri wawili wakamfuata.

Mnajua kwa nini watu waliamini? Hatukuwa tumeahidiwa lolote. Tuliamini kwa kuwa wabunge, wengi wao wa chama tawala, walikuwa wanaufumua mkataba wa serikali ya chama chao wenyewe, mchana kweupe, na televisheni inaonyesha. Mhesabuji alimhesabu mkubwa, na siku iliyofuata bado alikuwa na kiti chake.

Kisha ikaja sehemu isiyosimuliwa sana. Suala la Waziri Mkuu halikupelekwa mahakamani likaamuliwa. Hakutiwa hatiani, hakusafishwa. Mwaka 2015 alikatwa kwenye orodha ya wagombea wa CCM, akahamia Chadema, na chama kilekile kilichokuwa kikiuita ufisadi kwa jina lake kikampokea, kikamfanya mgombea urais. Dk. Slaa akaondoka. Kura zaidi ya milioni 6 zilimwendea Lowassa. Machi 2019 akarudi CCM, akapokelewa kwa shangwe, na Februari 2024 akatangulia mbele ya haki. Mimi simwiti mwizi, na sisemi alionewa. Hakuna hakimu aliyewahi kutuambia, na kila mtu amebaki na hukumu yake ya kijiweni. Tuhuma isiyofika mahakamani hugeuka mtaji wa siasa: leo inamnyima mtu uongozi, kesho inasahaulika akihamia upande wenu.

Kashfa ya akaunti ya Escrow ya Tegeta, 2014, ilienda njia hiyohiyo. CAG alikagua, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikasoma taarifa, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba, Waziri wa Nishati akajiuzulu Januari 2015. Desemba ya mwaka huohuo, chini ya rais mwingine, waziri huyo akarejeshwa wizara ileile. Yeye siku zote alisema hana kosa, na inawezekana kabisa. Ila mwananchi aliyekesha usiku kucha akifuatilia mjadala ule aliambulia nini?

Najua mlikokuwa mnanisubiri. Magufuli.

Msinifanye adui yake. Nilikuwa kazini alipoingia Novemba 2015, na nawaambia niliyoyaona kwa macho yangu: watu walianza kufika ofisini saa moja na nusu asubuhi. Masurufu yaliyokuwa hayajarejeshwa tangu enzi yakarejeshwa ndani ya wiki. Sherehe za Uhuru za mwaka ule zilifutwa, tukashika fagio tarehe 9 Desemba. Watumishi hewa waliondolewa kwa maelfu kwenye orodha ya mishahara, na Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ukataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sisi wakaguzi tuliokuwa tukiandika habari za mishahara hewa mwaka hadi mwaka tulijisikia kwamba hatimaye kuna mtu amesoma. Kijana anayesema "mzee yule alithubutu" anasema kweli.

Haya, mlete kwenye kipimo.

Mkaguzi Mkuu wa wakati ule alikuwa Profesa Mussa Assad. Ripoti yake ya mwaka wa fedha 2016/17, iliyotoka Aprili 2018, ikazua mjadala wa shilingi trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana. Serikali ikatoa maelezo yake, watu wakaulizana, ndivyo inavyotakiwa. Kisha profesa akahojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa, akaulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai akamwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka, na Aprili Bunge likaazimia kwamba halitafanya naye kazi. Novemba mwaka huohuo akateuliwa CAG mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Wakati huo Rais Magufuli alikuwa ameshafariki, profesa ana kazi nyingine chuoni, na uamuzi haukumrudisha ofisini.

Hapo ndipo mimi nilipofunga hesabu zangu za awamu ile. Yapo mazuri yaliyofanyika, na nimeyataja. Lakini watumishi karibu elfu kumi wenye vyeti vya kughushi walishughulikiwa na serikali ileile iliyoshindwa kumvumilia mtu mmoja mwenye cheti halali kabisa cha kuikagua. Na jambo hilo halikuishia Dodoma. Kila mkaguzi wa ndani wa kila halmashauri aliliona. Tulipokaa kwenye semina mwaka ule, hakuna aliyelizungumzia kwa sauti, ila hoja zilianza kuandikwa kwa lugha laini. Palipoandikwa "fedha hazijulikani zilipo" pakaandikwa "nyaraka zinaendelea kutafutwa".

Machi 2021 Rais Samia, akipokea ripoti za CAG, alimhimiza asifiche kitu, na siku hiyohiyo akamsimamisha kazi bosi wa Mamlaka ya Bandari ili achunguzwe. Kauli njema, na niliifurahia. Kipimo changu hakibadiliki kwa kuwa rais amebadilika. Ripoti za CAG huchambuliwa na kamati mbili za Bunge, moja ya hesabu za Serikali Kuu, nyingine ya hesabu za Serikali za Mitaa, na kwa desturi kamati hizo huongozwa na wabunge wa upinzani. Basi jiulizeni wenyewe zina meno gani Bunge likijaa watu wa upande mmoja.

Tuache makubwa, nije chini, huku kwenu mtakakopangiwa kazi. Maana wengi wenu hamtateua wala kutumbua mtu. Mtakuwa walimu, wauguzi, watendaji wa kata, maofisa ununuzi. Rushwa mtakayokutana nayo haitakuja na jina la gazetini. Itakuja na kalamu.

Kulikuwa na shule moja iliyokuwa inajengewa madarasa kwa utaratibu huu ambao fedha zinaingia akaunti ya shule, na kijiji kinaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Makadirio yalisema bati geji 28. Kwa asiyejua, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Fundi mwenye mkono mzoefu anaijua kwa kuibonyeza na dole gumba. Lori likaja jioni, jua linazama, bati ni geji 30, na karatasi ya kupokelea imeandikwa geji 28. Tofauti ya bei ndicho cha juu chenyewe, na kilishagawanywa kabla lori halijawashwa. Katibu wa kamati ya mapokezi alikuwa mwalimu wa kike, ajira mpya, hajamaliza hata miaka miwili kazini. Wenzake wote walikuwa wameshasaini. Kila mmoja alipewa bahasha ya "posho ya kikao". Akaambiwa, "Mwalimu, saini tu, giza linaingia na dereva anatoka mbali."

Hakupiga kelele. Hakuita mkutano wa hadhara, hakuandika mtandaoni. Alisoma alama iliyochapwa kwenye bati, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ileile: zimepokelewa bati za geji 30 badala ya geji 28 iliyoagizwa. Akaweka jina, saini na tarehe, akapiga picha karatasi kwa simu yake. Bahasha akaiacha mezani.

Nilipofika kukagua, karatasi ile ndiyo ilikuwa ushahidi wangu wote. Niliandika hoja. Ilipofika kikao cha fedha, ilikuwa imefupishwa kuwa mstari mmoja: bati zilipokelewa, hoja imejibiwa. Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali, barua inasema ni kwa mahitaji ya ikama. Baadaye walikuja wakaguzi wa nje, wakalikuta faili, na wanakamati waliosaini wakaitwa mmoja mmoja kuhojiwa na kutakiwa kurudisha fedha ambazo nyingi hawakuzila wao. Yeye hakuitwa hata kama shahidi wa pili, karatasi ilikuwa imeshasema. Na aliyepanga dili lote? Alihamishwa halmashauri, akapanda cheo. Siwafichi.

Mtaniuliza, wewe mkaguzi ulikuwa wapi? Nilikuwa naomba gari. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri, kwa enzi zangu, anaomba gari la kwenda kukagua mradi kwa mtu yuleyule anayeusimamia mradi. Likizo yake inasainiwa na huyohuyo. Mafuta yakitoka yanatoka Ijumaa mchana, wakati eneo la mradi ni mwendo wa saa nne. Atakayewajia na mageuzi ya kweli mtamtambua kwa jambo dogo kama hilo: atampa mkaguzi gari lake na fungu lake, halafu akae atulie kusubiri aandikwe. Sasa kuna mfumo wa NeST wa zabuni, tangu 2023, na mashine za kukusanyia mapato, na ni vitu vizuri. Lakini miaka nenda rudi ripoti zinataja makusanyo yaliyopita kwenye mashine na yasifike benki. Mashine haijawahi kukataa agizo la mkubwa.

Sitawaahidi kwamba uaminifu unalipa. Wanaowaahidi hivyo kwenye semina wamekwenda na magari ya ofisi. Chukueni habari ya jirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona malipo makubwa yakienda kwa kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikidai fidia ya serikali kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya, mnajua, haina machimbo ya almasi. Akatoa nyaraka, zikawafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ikafumuka mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa, kesi ikaanguka, kazi akafukuzwa. Akahamia Mombasa kuanza maisha upya. Mwaka 2002 Wakenya wakachagua serikali iliyoapa kuikomesha rushwa, na 2003 ikaundwa tume ya Jaji Bosire kuichunguza Goldenberg. Munyakei akasifiwa, akapewa tuzo ya uadilifu. Kazi yake hakurudishiwa. Alifariki 2006, fukara. Na John Githongo, ambaye serikali hiyohiyo ya mageuzi ilimteua kusimamia maadili, alikuwa ameshaikimbia nchi mwaka mmoja kabla, baada ya kugundua kwamba kashfa mpya, Anglo Leasing, inawagusa waliomteua.

Tume waliunda, tuzo zilitolewa, hotuba zilisomwa. Karani hakupewa meza yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza serikali ile ilikuwa na nia gani, sihitaji kusoma ripoti ya Bosire kumjibu.

Sisi tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Isomeni kabla hamjahitaji. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Lakini msikimbilie simu kabla ya kalamu. Andikeni mlichokiona, tarehe, kiasi, nani alikuwepo. Msisaini muhtasari wa kikao ambacho hamkukaa. Msisaini kwa niaba. Karatasi msiyoielewa semeni hamjaielewa, hata kama mtaitwa washamba. Ushamba haufungwi jela. Na mkubwa akiwaagiza jambo kwa mdomo, mwambieni kwa adabu, "Mkuu, naomba unipe kwa maandishi nitekeleze." Mara nyingi agizo hufia hapohapo, na wala hamjamkosea heshima.

Nanyi msijione malaika, kwa kuwa hili nalo lazima nilitaje. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ripoti za CAG zilikuta mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Vikundi hivyo hewa vya vijana viliandikwa majina ya nani? Vijana walitoa namba zao za NIDA kwa ofisa, wakapewa elfu hamsini kila mmoja wakae kimya, kikundi cha bodaboda kisicho na pikipiki kikachukua mamilioni. Mkopo ulipofungwa, walioumia ni vijana wenzao waliokuwa na mashine ya kufyatulia matofali na mpango wa kweli. Ulirudishwa 2024 kwa masharti mapya. Mkiombwa namba ya NIDA kwa kikundi msichokijua, mnajua la kujibu.

Haya yote ninayowaambia yana mahali pa kuanzia, na si Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Vijiji vingi mkutano haufanyiki, au unafanyika watu kumi wamekaa chini ya mwembe na mtendaji anasoma haraka kama anayefukuzwa. Ninyi hamwendi, mnasema ni mambo ya wazee. Wapigaji wanalijua hilo kuliko mnavyolijua ninyi.

Mkutano ujao nendeni, na mwende na kalamu. Mtendaji akimaliza kusoma, simameni kwa heshima, mwombeni mambo matatu: kitabu cha stakabadhi, taarifa ya benki, na hati za kupokelea vifaa vya mradi wowote uliojengwa mwaka huu. Akivitoa, mshukuruni mbele ya watu. Asipovitoa, ombeni liandikwe kwenye muhtasari kwamba viliombwa na havikutolewa, kisha hakikisheni nakala inafika kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri yenu. Mtamkuta ofisini, anasubiri gari.